Kunawa si Kuosha: Vitenzi vya Kiswahili na Uzuiaji wa Maambukizi katika Wodi ya Wazazi

Utangulizi

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii aghalabu hufunzwa shuleni kama onyo dhidi ya utovu wa shukrani. Mwanafunzi huijibu katika mtihani, akapewa alama zake mbili, akaendelea na swali linalofuata. Ni nadra kuulizwa kwa nini ni mkunga, wala si mhunzi au nahodha, aliyeteuliwa kuibeba maana hiyo. Yamkini jibu limo katika mkono wake. Mkono wa mkunga hufika mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haufiki, na hufika wakati ambapo mama hana nafasi ya kuuchagua wala nguvu za kuukataa. Mkono huo huupokea uhai. Mkono huo huo unaweza kuingiza homa itakayomwondoa mama siku chache baadaye, ilhali mtoto amekwisha kupewa jina.

Makala haya yanachunguza lugha inayouzunguka mkono huo. Hatunuii kufunza uuguzi, kwa kuwa fani hiyo ina wenyewe. Tunanuia kuonyesha kwamba kuzuia maambukizi ni kazi inayofanywa kwa maneno kabla ya kufanywa kwa sabuni: maneno ya kuagiza, ya kukumbushana, ya kubandika ukutani na ya kuandika katika faili la mgonjwa. Wanafunzi wa isimujamii wameizoea sajili ya hospitalini kama orodha ya sifa. Ina msamiati maalumu, huchanganya ndimi, ina maswali na majibu mafupi, hutia moyo. Orodha hiyo haina uongo ndani yake. Kasoro yake ni kwamba haimwulizi mwanafunzi swali la pili: neno likiteuliwa vibaya, ni nani anayeumia?

Swali hilo lina uzito wa takwimu. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali, wapatao 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha wastani hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini, na kwamba mmoja katika kila 10 wa walioambukizwa hivyo hufariki. Kuhusu akina mama, uchanganuzi wa vifo vya uzazi ulimwenguni kati ya mwaka 2003 na 2009 ulionyesha kuwa takriban asilimia 11 vilisababishwa na sepsisi, yaani ambukizo lililoushinda mwili. Si wote kati ya wanawake hao waliokwenda kujifungua wakiwa wagonjwa.

Vitenzi vya maji

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha shughuli ya kujisafisha kwa maji. Mtu hunawa mikono na uso. Huoga mwili mzima. Huosha sahani, gari na kidonda. Hufua nguo, husuuza kilichokwisha kuoshwa, hutawadha kabla ya sala, na huchamba baada ya haja. Wageni wanaojifunza lugha yetu huuona utajiri huu kama mzigo. Sisi tulioukuta nyumbani hatuuoni kabisa, na hiyo ndiyo hasara yetu.

Tuvitazame viwili. Kitenzi *nawa* kimebeba yambwa yake ndani yake: anayenawa hunawa viungo vyake mwenyewe, na wala hahitaji kiambishi *-ji-* cha kujirejelea. Ukitaka kusema kwamba unamsafisha mwingine mikono, huna budi kuingia katika kauli ya kutendesha, ukasema unamnawisha. Kitenzi *osha*, kwa upande wake, huelekea nje. Huosha ni mtu, huoshwa ni kitu, au mwili wa mtu asiyeweza kujiosha. Ndiyo maana mwosha, katika methali ya mwosha huoshwa, ni yule anayeshughulikia maiti.

Wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020, kuta za nchi yetu zilijaa amri mbili, *nawa mikono* na *osha mikono*, wakati mwingine katika jengo moja. Hakuna aliyeshindwa kuelewa. Hata hivyo, tunashikilia kwamba *nawa* ndilo neno la kubandikwa katika wodi, na sababu yetu haitokani na usanifu wa lugha pekee. *Osha mikono* huifanya mikono kuwa vyombo, na chombo huoshwa kikichafuka. Mkunga akitazama viganja vyake akaviona havina doa, amri hiyo imekwisha kazi yake. *Nawa* haingoji doa. Katika nyumba zetu, mtu hunawa kwa sababu wakati wa kunawa umefika: chakula kinaletwa. Hakuna mgeni anayemjibu mwenye nyumba kwamba mikono yake ni safi tayari. Akijibu hivyo ataonekana hana malezi.

Desturi hiyo ya mezani inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani imehifadhi kanuni ambazo hospitali hutumia fedha nyingi kuzifunza. Kijana wa nyumbani huja na jagi na beseni. Humimina maji, na mkubwa hunawa chini ya maji yanayotiririka. Mwenye adabu hamchovyeshi mgeni mikono katika maji aliyonawia mwingine. Isitoshe, mlo wetu una kunawa mara mbili, kabla ya kula na baada ya kula.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono umejengwa juu ya maneno hayo hayo mawili, *kabla* na *baada*. Unataja nyakati tano. Mhudumu husafisha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, na kabla ya kazi inayohitaji utakaso, mathalani kumpima mama njia ya uzazi au kuingiza sindano mshipani. Husafisha tena baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka mgonjwa hata kama mgonjwa mwenyewe hakuguswa. *Kabla* mbili humlinda aliye kitandani. *Baada* tatu humlinda mhudumu mwenyewe na yule mama wa kitanda cha pili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa wodini atakubali kwamba *baada* hutekelezwa kwa wepesi kuliko *kabla*, kwa kuwa damu huonekana na hutia kinyaa, ilhali kidudu kinacholetwa kutoka kitanda cha jirani hakionekani. Wakati wa tano, ule wa shuka na reli ya kitanda, husahaulika kuliko yote.

Tofauti na mezani ni muda. Shughuli nzima ya kunawa kwa maji na sabuni katika mwongozo huo huchukua sekunde 40 hadi 60, na ile ya kupaka kieuzi chenye spiriti sekunde 20 hadi 30. Kuna migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, na ncha za vidole zinazosuguliwa katika kiganja. Hapa *nawa* peke yake haitoshi, nasi hatuna haja ya kujidanganya. Huhitaji kuandamana na *sugua*, *suuza* na *kausha*. Bango linaloandika vitenzi vinne kwa mpangilio wake linafunza zaidi ya bango lenye kitenzi kimoja na picha ya bomba.

Na pale ambapo bomba halina maji? Wafanyakazi wa afya ya jamii hufunza utengenezaji wa mtungi wa plastiki uliotobolewa, ukaning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa ubao unaokanyagwa, ili mkono uliochafuka usiguse chochote. Kifaa hicho kimepata jina la *kibuyu chirizi*. Tunawasihi wanaistilahi walitazame jina hilo kwa heshima. Lina maneno mawili ya nyumbani, halihitaji maelezo, na linataja jambo lililo muhimu katika kifaa chenyewe, yaani kuchirizika kwa maji. Istilahi nyingi zilizoundwa katika warsha hazina bahati hiyo.

Neno moja kuhusu glavu. Glavu hailichukui nafasi ya kunawa. Mhudumu hunawa kabla ya kuivaa na baada ya kuivua, na glavu moja haitembei kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mwingine. Ila lugha ya kila siku imeifanya glavu kuwa ngao ya aliyeivaa, na hatari imo humo: anayejiona amekingwa husahau kwamba glavu iliyoshika kitasa cha mlango imekwisha kuwa mkono kama mikono mingine.

Ni nani aliyeambukiza?

Kitenzi *ambukiza* kina sura ya kauli ya kutendesha. Kinadai msababishi. Tukisema *X amemwambukiza Y*, kiima kiko wazi. Tukienda katika kauli ya kutendwa, *Y ameambukizwa*, msababishi hujificha, ingawa sarufi bado inamwachia mlango kwa kiunganishi *na*: ameambukizwa na nani? Lakini sentensi tunayoisikia zaidi wodini ni ya tatu: *mama amepata maambukizi*. Hapa mlango umefungwa. Kitenzi *pata* humfanya mama mwenyewe kuwa kiima, kana kwamba maambukizi ni kazi au bahati aliyoiokota njiani. Mtendaji ametoweka katika sentensi na hakuna anayemtafuta.

Sijui kisa kinachoonyesha uzito wa kiima hicho kuliko kile cha hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria, katika miaka ya 1840. Hospitali hiyo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilifunza wanafunzi wa udaktari, ya pili ilifunza wakunga. Mwaka 1846, katika kliniki ya madaktari, walifariki akina mama wapatao 11 katika kila 100. Katika ile ya wakunga hawakufika 3. Wanawake wa mji walilijua jambo hilo kabla ya wataalamu kukubali kulichunguza, na walikuwa wakiomba kwa magoti wasipelekwe kliniki ya kwanza. Sababu zilizotajwa na wakubwa wa hospitali zilikuwa nyingi: hewa mbaya, msongamano, hofu ya wanawake wenyewe. Zote zilikuwa na viima visivyo na mikono.

Ignaz Semmelweis, daktari msaidizi katika kliniki ya kwanza, alipata jibu kwa njia ya msiba. Mnamo Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alifariki baada ya kujeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, na mwili wake ulipochunguzwa ulionyesha dalili zile zile za akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka katika chumba cha kupasulia maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei mwaka huo, Semmelweis aliamuru kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili walikuwa wamefariki akina mama wapatao 18 katika kila 100. Julai ilikuwa takriban mmoja.

Mtu angedhani hoja imekwisha hapo. Haikuisha. Elimu ya viini vya maradhi ilikuwa bado haijaenea, na hiyo ni sababu mojawapo. Lakini sababu nyingine ni ya kisarufi, ikiwa wanasayansi watatuvumilia kusema hivyo: Semmelweis alikuwa amewaweka madaktari katika nafasi ya kiima cha kitenzi *ambukiza*, na waungwana wa taaluma hawakuweza kukaa hapo. Naye hakuwasaidia. Alichelewa kutoa kitabu chake hadi mwaka 1861, nacho kikawa kirefu chenye marudiorudio, kisha akawaandikia wapinzani wake barua za hadharani akiwaita wauaji. Alikufa mwaka 1865 katika hifadhi ya wagonjwa wa akili. Mwanafunzi wa balagha ana la kujifunza hapo: ukweli ulioambatana na takwimu ulishindwa kupita kwa sababu msemaji wake aliegemea mno nafsi moja ya kusemea, nafsi ya pili. *Nyinyi mmeua.*

Kabla yake, mwaka 1795, Alexander Gordon wa Aberdeen, huko Scotland, alikuwa amechapisha maelezo ya homa hiyo hiyo akiorodhesha wagonjwa pamoja na aliyewazalisha kila mmoja, na katika maelezo hayo alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa njia iliyoifikisha homa kwa wanawake wengi. Gordon naye alichukiwa mjini. Ila tofauti ya nafsi ni kubwa. Yeye alianza na *mimi*.

Tusieleweke kwamba tunataka faili la mgonjwa ligeuzwe hati ya mashtaka. Muuguzi anayehudumia wodi nzima usiku peke yake, bila maji katika bomba, hastahili kubebeshwa kiima ambacho kwa haki ni cha mwingine. Na hapo ndipo uzuri wa sarufi unapoonekana. Kiima cha *ambukiza* si lazima kiwe mtu. *Bomba lililokauka limewaambukiza akina mama watatu* ni sentensi sahihi ya Kiswahili, na inamwelekeza msomaji kwa mwenye wajibu wa bomba. *Akina mama watatu wamepata maambukizi* haimwelekezi popote. Katibu wa kamati ya hospitali akiandika sentensi ya kwanza katika kumbukumbu zake, mkutano unaofuata utakuwa na ajenda.

Safi kwa kiwango gani?

Mnamo mwaka 1858 hivi, hapa kwetu katika upwa wa kaskazini, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha akiwa mgonjwa. Miongoni mwa mawaidha hayo mna ya usafi wa nyumba na wa mwili. Tunautaja kwa sababu unatukumbusha kwamba neno *safi*, katika fasihi yetu, limezaliwa katika maadili. Usafi ni unadhifu, ni heshima kwa mume na wageni, ni dalili ya malezi. Juu ya hapo pana safu ya dini: twahara na najisi, josho, udhu, na nifasi, yaani damu ya uzazi na siku za mama kukaa nayo. Mama wa Lamu au Mombasa anayeambiwa na muuguzi kwamba *hayuko safi* anaweza kulisikia neno hilo katika safu tofauti kabisa na ile ya msemaji, na huenda akaona haya pale alipotarajiwa kuuliza swali.

Maana ya hospitalini ni ya tatu, na haina uhusiano wa lazima na hizo mbili. Mkasi unaweza kung'aa na usiwe safi. Uuguzi hutofautisha viwango, na mfasiri asiyevijua huvirundika vyote chini ya *safisha*. Kiwango cha kwanza ni kuondoa uchafu kwa maji, sabuni na burashi. Cha pili ni kuua vijidudu vilivyo vingi, mfano kwa kuchemsha vifaa dakika 20 tangu maji yaanze kutokota. Cha tatu ni kuua vyote, pamoja na spora, yaani bakteria waliojifunga katika ganda gumu ambalo maji yanayochemka hayalishindi kwa hakika. Kwa kiwango hicho hutumika otoklevu, chombo cha mvuke wenye shinikizo, kwa nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 30 ikiwa vifaa vimefungwa.

Je, kiwango cha tatu tukiiteje kwa Kiswahili? Kiingereza hutumia neno moja kwa mkasi usio na kijidudu na kwa mwanamke asiyezaa, na mfasiri anayekifuata unyounyo huishia kwenye *tasa* na *tasisha*. Fikiria bango lenye neno hilo juu ya meza ya vifaa katika chumba cha kujifungulia! Hatuhitaji utafiti wa nyanjani kutambua kwamba mama aliyekuja na uchungu hatalipenda. Tunapendekeza *takasa* libaki kwa kiwango cha tatu peke yake. Lina uzito wa kidini, ni kweli, lakini uzito huo unalifaa: kilichotakaswa hakiguswi ovyo, na mkono ukikigusa hurudi nyuma hadi mwanzo.

Ndiyo maana tuna shaka na *kitakasa mikono*, jina lililoenea Tanzania mwaka 2020. Mikono haitakasiki kwa maana hiyo. Hupunguzwa vijidudu tu. Nchini Kenya vyombo vya habari vilitumia *kieuzi*, kutokana na *eua*, kitenzi cha kale cha kuondoa najisi au mkosi. Hakijapendwa na wengi mitaani, ambako *sanitaiza* imetawala, ila kinatupa nafasi ya kugawanya kazi. *Kieuzi* kiwe cha ngozi ya mtu, na *kipukusi* kiwe cha sakafu, meza na vifaa. Si uchoyo wa maneno. Dawa ya sakafu ikimiminwa katika chupa iliyoandikwa jina lile lile la dawa ya mikono, itapakwa kwenye ngozi.

Jina la hatua huweza pia kupotosha mpangilio wa hatua. Kwa miaka mingi wauguzi wetu walifunzwa kulowesha vifaa vilivyotumika katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuvisugua, na hatua hiyo iliitwa ya kuondoa uchafuzi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo usiopendekeza tena kuloweshwa huko. Klorini hula chuma, damu huidhoofisha, na aliyeambiwa kwamba uchafuzi *umeondolewa* hushika vifaa kwa ulegevu. Husafishwa kwanza, kisha ndipo huuawa vijidudu. Klorini hiyo bado ina kazi yake pale damu inapomwagika, na hesabu yake haijabadilika: dawa ya asilimia 3.5, sehemu 1, huchanganywa na maji sehemu 6.

Pepopunda

Kuna ugonjwa mmoja ambao jina lake la Kiswahili lina elimu kuliko linavyodhaniwa. Mtoto mchanga hunyonya na kulia vizuri siku mbili za kwanza. Kisha, kati ya siku ya 3 na ya 28, hushindwa kunyonya, hukakamaa na kupatwa na mitukutiko. Waswahili huuita pepopunda. Msomaji wa haraka ataona humo ushirikina wa pepo na kupita. Lakini spora za bakteria wa ugonjwa huu hukaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, punda akiwamo, na humfikia mtoto kupitia wembe uliokata kitovu, uzi uliokifunga, au kitu kilichopakwa juu yake. Hatudai kwamba waliouita hivyo walijua haya. Tunasema tu kwamba mkunga anayemweleza nyanya kwa nini samadi na udongo visikaribie kitovu ana neno tayari mkononi, na asiyelitumia akakimbilia *tetanasi* amejinyima mfano wake bora. Chanjo ya mama mjamzito humkinga mtoto. Kitovu hukatwa kwa kifaa kilichotakaswa na huachwa kikauke. Pale ambapo desturi ya kukipaka vitu ina nguvu, wahudumu hutumia dawa ya kloreksidini ya asilimia 7.1 kushika nafasi ya vitu hivyo.

Kumwambia mkubwa anawe

Limebaki jambo ambalo miongozo haiwezi kulitatua, nalo ni adabu. Nyakati tano zinajulikana, maji yapo, kieuzi kipo. Anaingia daktari mkuu, au muuguzi mwenye miaka 30 kazini, naye anaelekea kitandani bila kunawa. Anayemwona ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Katika jamii ambayo mdogo humwamkia mkubwa na kungoja kuulizwa, amri *nawa mikono* haitoki mdomoni. Mwanafunzi hunyamaza, na ukimya wake huingia kitandani pamoja na ule mkono.

Wanaofunza ujasiri wa kusema hudhani dawa ni kumzoesha mdogo kuamuru. Kwa maoni yetu, lugha ilikwisha kutatua tatizo hili mezani. Kijana aletaye jagi hamwamuru mzee anawe. Humwendea, huinama kidogo, husema *karibu maji*, na mzee hunyoosha mikono bila kuona kwamba ameambiwa la kufanya. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kusimama na chupa ya kieuzi mkononi na kusema *Daktari, karibu kieuzi*, au *Sista, maji yako tayari*. Ni kitendo-uneni kile kile cha kuagiza kilichovaa nguo za ukarimu, na ni vigumu kukikataa kwa sababu kukikataa ni kuukataa ukarimu wenyewe.

Vivyo hivyo kwa jamaa wanaokuja kumwona mtoto. Nyanya aliyesafiri kwa matatu tangu alfajiri hawezi kuambiwa kwamba mikono yake ina vijidudu. Atasikia kwamba ameitwa mchafu mbele ya mkaza mwana wake. Mara moja nilimsikia muuguzi, katika wodi nisiyoitaja, akimpokea mzee wa aina hiyo mlangoni: *Nyanya, karibu unawe, mjukuu anakungoja.* Mzee alinawa hadi viwikoni, akajifuta, akauliza mtoto amelala upande gani.